Uji Upoe Kwanza

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Madaktari walimwita Bibi Mvuke, wauguzi walimwita Bibi Mvuke, na kwenye orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni mtu fulani aliwahi kuliandika hivyo hivyo kwa kalamu nyekundu na hakuna aliyejisumbua kulifuta.

Kazi yake ilikuwa kuua wadudu. Si mende wala siafu, hasha. Ni wale wasioonekana kwa macho, wanaojificha kwenye meno ya mkasi na kwenye maungio ya koleo. Kwa miaka ishirini na sita alipokea vifaa vya upasuaji vikiwa na damu, akavisugua kwa brashi, akavikausha, akavifunga kwenye vitambaa vya kijani, akavipanga tumboni mwa mashine ya mvuke, akazungusha gurudumu la mlango na kukaa kusubiri. Chochote kilichoingia mle kikiwa na uhai kilitoka kimekufa. Alijivunia jambo hilo, na mimi sioni kwa nini asijivunie. Mama aliyefanyiwa upasuaji akirudi kwake na mwanawe, kidonda kikavu, basi sehemu ya ushindi huo ni ya yule bibi wa ghorofa ya chini, ingawa sijasikia aliyeshuka ngazi kwenda kumshukuru.

Tatizo ni kwamba kazi ilimfuata mpaka nyumbani. Alichemsha vijiko, alichemsha vitambaa vya kukaushia vyombo, alichemsha maji ambayo watu wa maji walishaapa kuwa ni safi. Jirani yake aliyeitwa Mama Pacha, ambaye ndiye aliyemshikia mjukuu saa za kazi, alikuwa akisema kwamba ukimsalimia yule bibi lazima kwanza aichemshe salamu yako, ndipo aiitikie. Bibi alisikia utani huo akaucheka, kisha akaenda kuchemsha kikombe ambacho Mama Pacha alikuwa amenywea chai.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na waliishi wawili. Mjukuu alikuwa msichana wa miaka mitatu, naye wote walimwita Chiriku, kwa sababu akifumbua macho ameanza kusema, na akilala ni usingizi tu umemkatiza. Mama yake Chiriku, binti pekee wa bibi, alikuwa anashona sare kwenye kiwanda kimoja katika mji wa mbali, safari ya mchana kutwa na usiku mzima. Aliondoka mtoto akiwa wa miezi kumi na mmoja. Baba mtoto alikuwa ameshajiendea zake kitambo, na kazi ya karibu haikupatikana. Alisema anakwenda kwa miezi sita. Miezi sita hiyo ilikuwa sasa imetimiza miaka miwili na ushee, kwa sababu kiwanda kile kilitoa ruhusa kwa mambo mawili tu, ugonjwa wa mtu wa karibu na msiba, na vyote viwili viwe na karatasi yenye mhuri.

Bibi alimkumbuka mwanawe bila mpangilio wowote. Angekuwa anasugua koleo, mara akasikia muuguzi kwenye korido anacheka kwa puani kama anavyocheka binti yake, na brashi ikasimama. Angekuwa kwenye foleni ya mkate akaona mgongo wa msichana mrefu, moyo ukaruka, msichana akageuka, kumbe mtu baki kabisa. Jumapili walipozungumza kwa simu hakusema hata moja kati ya hayo. Alisema mtoto anakula vizuri, mvua imenyesha, usiwe na wasiwasi. Ukimsikiliza ungedhani anasoma taarifa ya habari.

Ndipo likaja tatizo la sikio. Jumatano moja Chiriku aliamka na homa, kiganja kimeziba sikio la kushoto, analia kilio cha chini chini. Bibi akambeba mpaka hospitalini kwake mwenyewe. Daktari wa watoto akachungulia kwa taa yake ndogo, akaandika antibayotiki ya maji, asubuhi na jioni kwa siku kumi, na akaonya kwamba dozi imalizwe hata mtoto akipata nafuu mapema. Siku ya tatu sikio lilitulia. Lakini siku hiyo hiyo tumbo likafunguka, mara nne, mara tano, mara sita, na Chiriku akanyamaza. Kuhara bibi alishakuona kwa watoto wengi. Ukimya ule ndio uliomtia hofu.

Jumamosi akarudi kwa daktari. Daktari alimbonyeza mtoto tumbo, akaangalia ulimi na macho, akauliza kama kuna damu kwenye choo. Hapakuwa na damu. Akasema dawa kama hizi huwafungua tumbo watoto wengi na kwa kawaida hupita, dozi isikatizwe, mtoto anyweshwe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kila anapotoka chooni, na akikataa kunywa, macho yakabonyea au damu ikaonekana, arudishwe mara moja bila kusubiri kesho. Kisha akaongeza vijipakiti kumi vya unga, akamwelekeza dirisha la dawa.

Mfamasia alikuwa mama wa makamo mwenye subira, waliyefahamiana naye miaka. Akavipanga vile vijipakiti kwenye kaunta na kumweleza kwamba tumboni mwa mtoto kuna wadudu wazuri wanaosaidia chakula kusagika, na kwamba antibayotiki haichagui, inawapiga wabaya wa sikioni na inawapiga wema wa tumboni pia. Unga huu unaitwa probayotiki, akasema, na ndani yake mna wadudu wema, wako hai, wamelala tu.

"Wadudu wema," bibi akarudia. "Tangu lini mdudu akawa na tabia?"

Mfamasia akacheka mpaka miwani ikashuka. Alisema yeye haapi, kwani kuna watoto unawasaidia na kuna usiowasaidia, lakini madaktari wengi wameona unapunguza kuhara kwa mtoto aliye kwenye dozi, na Chiriku ana afya ya kutosha kuutumia bila hofu. Kijipakiti kimoja kwa siku, ndani ya chakula, kwa kupishana saa mbili na ile antibayotiki. Alikuwa anaongeza neno kuhusu chakula chenyewe simu ya bibi ilipolia, na aliyepiga ni binti yake, Jumamosi, siku ambayo hapigi kamwe.

Mama Pacha alikuwa ameshamtumia habari. Binti aliongea haraka haraka. Amezungumza na msimamizi wake, na msimamizi amekubali kwamba kama mpaka Ijumaa asubuhi mtoto bado anaumwa, hospitali itume karatasi na yeye atapewa siku saba, apande basi la saa nne. Siku saba! Bibi akashika ukingo wa kaunta. Mfamasia alimaliza kusema alichokuwa akisema, bibi akaitikia kwa kichwa, akachukua vijipakiti vyake akaondoka, na nikikwambia alisikia neno hata moja nitakuwa nakudanganya.

Jioni ile alikung'uta godoro la chumba cha pili. Alitoa shuka zilizokunjwa tangu mwaka ule binti alipoondoka, akazifua, na kwa kuwa ni yeye, akazichemsha. Alijikuta anaimba. Akajisikia anaimba, mtoto amelala chumba cha kwanza tumbo linamsokota, akaona haya peke yake akanyamaza.

Uji aliupika kama alivyoupika siku zote, utokote mpaka utoe mapovu mazito. Ulipokuwa unatokota hivyo akachana kijipakiti akamimina unga wote sufuriani, akakoroga, akauacha uchemke tena kidogo. Alifanya hivyo kwa mazoea, lakini ndani ya mazoea palikuwa na ukaidi pia. Hao wadudu hata kama ni wema, alijisemea, bora wapite kwenye moto kwanza wafundishwe adabu. Kisha akampoozea mtoto bakuli lake, akamlisha kijiko kwa kijiko.

Jumapili hali ikawa ile ile, Jumatatu ile ile, Jumanne vile vile. Chiriku alikunywa maji yake ya pakiti bila kugoma, macho yalikuwa na uhai, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kukimbia hospitalini. Lakini alikwenda kwenye poti mara tano, mara sita, miguu imekuwa myembamba, na hakusema kitu. Kila alipomwosha bibi alimwonea huruma. Na chini ya huruma hiyo, naomba unielewe, palikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikihesabu siku: bado tatu, bado mbili na nusu. Aliking'amua, akakichukia, na hakikuondoka.

Jumatano asubuhi ndiyo siku ya kusoma vichupa. Nikueleze, kwa sababu mambo yote yaligeukia hapo. Mvuke hauonekani kama umeua au haukuua, kwa hiyo kila wiki mashine hupimwa. Kinaletwa kichupa kidogo chenye maji ya zambarau na ndani yake wadudu hai, wale wagumu kufa kuliko wote. Kinatiwa katikati ya vifaa, mashine inaendeshwa, kisha kinawekwa kwenye kijisanduku cha uvuguvugu mpaka kesho yake. Pembeni yake kinawekwa kichupa kingine ambacho hakikupitishwa kwenye mvuke. Kile ambacho hakikupitishwa hugeuka njano, maana wadudu wake wako hai na wanakula. Kile kilichopitishwa kikibaki zambarau, wote wamekufa, mashine ni nzima.

Bibi akafungua kijisanduku. Kimoja njano, kimoja zambarau, kama kawaida. Akachukua daftari akaandika tarehe, akaandika kwenye mstari wa mvuke, wamekufa. Alikuwa ameshaandika neno lile zaidi ya mara elfu moja. Safari hii kalamu ilibaki pale pale juu ya karatasi.

Alipanda ngazi zote kwa mkupuo mmoja, akafika dirisha la dawa anahema. Akauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia aibu, je, ule unga ukitiwa kwenye uji unaotokota?

"Si nilikwambia siku ile, bibi? Uji upoe kwanza, uwe wa kuguswa kwa kidole. Ukiuchemsha hao wanakufa wote, unamlisha vumbi."

Siku nne. Yeye, Bibi Mvuke, miaka ishirini na sita ya kujua kilichokufa na kilicho hai, amemchemshia mjukuu wake dawa siku nne mfululizo. Mfamasia alimpa pole akamwambia hajamdhuru, amekosesha faida tu. Pole ile haikumwingia.

Saa za mchana aliomba ruhusa akaenda nyumbani. Akamchukua mtoto kwa Mama Pacha, akamketisha kwenye mkeka wa jikoni, akabandika sufuria. Na wakati uji unaanza kutoa mapovu, wazo likaja, tena likaja kwa adabu, limevaa vizuri. Leo Jumatano. Leo na kesho tu. Daktari mwenyewe alisema mtoto hayuko hatarini akiendelea kunywa maji yake. Alishaula hivyo hivyo siku nne na yuko hapa. Uji wa moto mara mbili, karatasi itaandikwa bila uongo wowote, na Jumamosi binti yake atashuka kwenye basi na begi lake, atainama mlangoni kwa urefu wake ule, atakaa kwenye kile kiti pale. Siku saba. Nani angejua? Mfamasia haishi jikoni kwake. Aliishika ncha ya kijipakiti juu ya sufuria, vidole vikisubiri amri, na alimtaka mwanawe kwa nguvu kiasi kwamba kifua kilimuuma, maumivu ya kweli ya mwilini, kama ya mtu aliyebeba mzigo vibaya.

"Bibi," Chiriku akasema kutoka kwenye mkeka. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi. "Mimi sisemi. Tumbo ndilo linasema."

Bibi akaiepua sufuria. Akaiketisha ndani ya beseni la maji baridi, akachuchumaa pembeni yake, akakoroga, akaingiza kidole, bado, akakoroga, akaingiza kidole, bado. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na mwiko na mwingine na kijipakiti. Kidole kilipokaa ndani bila kushtuka, akamimina unga. Ulielea juu, mweupe, kisha ukazama.

Alhamisi Chiriku alikwenda kwenye poti mara tatu, na mara ya mwisho, kabla ya adhuhuri, kilichotoka kilikuwa na umbo. Mama Pacha aliitwa aje ashuhudie, akaja, akashuhudia. Kama ni ule unga ulioamka tumboni kwa siku moja, au ni tumbo lililokuwa limeshafika mwisho wa hasira zake lenyewe, mimi siwezi kukwambia, na mfamasia alipoulizwa naye alisema hawezi. Ijumaa jua halijatoka vizuri mtoto alikuwa ameketi kitandani akimweleza bibi yake ndoto yenye mbuzi watatu, na kila mbuzi alikuwa na habari zake. Bibi alizisikiliza zote. Alikuwa na furaha, na alikuwa na huzuni, na hakuna kilichokubali kumpisha mwenzake.

Saa nne kasoro robo simu ikalia. Kwa nyuma kulikuwa na injini na watu wanaotangaza safari. Binti alikuwa ameshafika kituo cha mabasi.

"Vipi mtoto, mama?"

Chiriku alikuwa uani akiwahubiria kuku wa jirani. Bibi angeweza kufunga mlango tu. Neno lenyewe lilikuwa fupi, bado, herufi nne, na tiketi ingekatwa.

"Amepona," akasema. "Tangu jana mchana tumbo limefunga. Leo amekula mara mbili na maneno yamerudi yote na riba."

Binti akamshukuru Mungu, akamshukuru tena. Kisha bibi akamsikia analia, na kilio chenyewe hakikuwa cha shukrani. Akamuuliza kulikoni.

"Niko hapa tangu saa kumi na mbili, mama. Begi limefungwa tangu juzi. Nilikuwa naomba apone. Naomba kweli, kwa magoti. Halafu naomba asipone mpaka nipande basi." Akavuta pumzi. "Mimi ni mama wa aina gani?"

"Wa aina yangu," bibi akasema.

Akamweleza. Akamweleza habari ya dirisha la dawa, habari ya uji, habari ya vichupa viwili, na hakuruka sehemu ya Jumatano mchana, kijipakiti juu ya sufuria, jinsi alivyosimama pale na alichokuwa anakihesabu. Hakuwahi kumwambia mwanawe jambo lenye aibu kiasi kile. Injini ikanguruma upande wa pili, ikameza neno lake la mwisho.

"Mama, upo?"

"Nipo. Sikiliza. Usitungoje tuugue. Njoo tukiwa wazima."

"Hawatoi ruhusa ya hivyo."

"Umewahi kuiomba?"

Binti akakiri kwamba hajawahi. Miaka miwili na ushee, na hakuna aliyewahi kuiomba, kwa sababu kila mtu alijua haipo. Akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyeamshwa usingizini, sasa akawaambie nini.

"Waambie mama yako amekukumbuka. Waambie hana ugonjwa wowote, amekukumbuka tu, na hawezi tena."

Wapiga debe walikuwa wanaita abiria wa mwisho wa saa nne. Honi ikalia, basi likaondoka, na sauti yake ikafifia. Bibi alisikia begi linanyanyuliwa. Binti hakuaga wala hakukata simu. Alitembea nayo kutoka kituoni hadi kiwandani, mwendo wa nusu saa, na mama yake akakaa kwenye kiti cha jikoni amebana simu sikioni akisikiliza hatua moja baada ya nyingine, geti likifunguliwa, korido, cherehani zikivuma kwa mbali, mpaka akamsikia mwanawe anasimama, anakohoa kidogo, na anabisha hodi.